Chewa Aliyeipima Bahari Kitandani

Paukwa!

Pakawa!

Watoto mmeitikia vizuri. Hawa watu wazima wametikisa vichwa tu, kama mbuzi mbele ya mvua. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa hata aliyelala amesikia. Sogeeni. Mwenye mtoto anayelia ampe kitu mdomoni, na mwenye mdomo mrefu aukunje, maana leo wanaosema ni samaki.

Hapo zamani za kale, samaki walipokuwa na serikali yao, na serikali yenyewe ikawa inalala, palikuwa na mwamba chini ya bahari ukiitwa Fungu Refu. Samaki wa kila rangi walikaa hapo. Mkubwa wao alikuwa Chewa.

Chewa alikuwa na kichwa kikubwa. Mdomo mkubwa. Tumbo kubwa. Mdomo ule ukifunguka, ungeweza kuingiza kitanda na mtu juu yake. Alikaa ndani ya pango refu, chini kabisa ya mwamba, mahali ambapo jua halijawahi kufika hata kwa kupotea njia. Je, alitoka? Hakutoka. Alikula humo humo. Aliletewa. Vingine vilipita mlangoni na haraka zao, akafungua mdomo, hop! akafunga. Kisha akalala.

Na palikuwa na tasi mmoja, jike, mwembamba, mwenye miiba mgongoni na maneno mdomoni. Bi Tasi huyu alikuwa amezaa miaka miwili mfululizo. Mwaka wa kwanza alimwaga mayai laki tatu. Mwaka wa pili laki tatu na ushee. Watoto waliorudi nyumbani? Hakuna. Hata mmoja. Alingoja penye majani ya bahari mpaka macho yakamtoka, na macho ya samaki tayari yametoka.

Na tasi haishi sana. Miaka mitatu, minne, akibahatika asikutane na mtego wa mtu. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu. Tumbo lilikuwa limejaa. Alilitazama tumbo lake akasema, "Hawa wakifa, sina wengine."

Sasa sikilizeni samaki wanavyozaa, msije mkaniuliza katikati.

Samaki wa Fungu Refu hawazai mmoja mmoja. Mayai ya mama mmoja ni kifungua kinywa cha wenye meno. Kwa hiyo wote humwaga siku moja, wakati wa bamvua, bahari inapojaa mpaka pomoni kisha ikaanza kutoka kwa kasi. Siku hiyo wenye meno hula, hula, hula, wakavimbiwa, wakalala ubavu, na mayai bado yamebaki. Maji huyabeba yakayapeleka nje, bahari kuu. Huko yanaanguliwa. Mtoto akitoka ni mdogo kuliko kope ya jicho lako, hana hata mdomo wa maana. Ana kifuko cha kiini tumboni, kama msafiri na masurufu yake. Masurufu ya siku tatu. Siku ya nne lazima apate uji.

Uji gani? Uji wa bahari. Upepo ukivuma kwa nguvu, maji ya juu husukumwa kando, na maji ya kilindini hupanda kushika nafasi. Maji hayo ni baridi, na yamebeba mbolea ya kila kilichowahi kufa na kuoza huko chini. Mbolea ikiona jua, maji huota vijimea vidogo sana, na vijidudu vikaja kula vijimea, na bahari ikageuka kijani, nzito, tamu. Huo ndio uji. Baridi ikipanda, watoto wanakula. Baridi isipopanda, maji ya moto hukaa juu kama mafuta juu ya mchuzi, hayapitishi kitu. Mtoto anafika siku ya nne, anafungua kinywa kwa mara ya kwanza maishani, na mezani hakuna hata sahani.

Kwa hiyo siku ya kumwaga mayai si siku ya kubahatisha. Lazima baridi iwe imepanda. Na aliyetangaza siku hiyo alikuwa Chewa peke yake. Alinguruma mara tatu: Nguuu! Nguuu! Nguuu! Hapo ndipo wote walimwaga. Asiponguruma, hakuna anayemwaga.

Sasa mtaniuliza, Chewa aliye pangoni alijuaje kama baridi imepanda?

Alikuwa na afisa. Afisa huyo alikuwa Pweza, na cheo chake kiliitwa Mwonja Maji. Mikono minane, mfupa hana hata mmoja. Bwana Pweza alipanda juu na makombe mawili ya chaza. Akachota maji kwa kombe moja, akafunika kwa la pili. Akayabana kwa mikono minne, akateremka kwa mikono minne, tepe, tepe, tepe, mpaka mlangoni kwa Chewa, ili mkubwa aonje.

Lakini mkubwa kalala. Na desturi ya Fungu Refu inasema: mkubwa haamshwi.

Basi Pweza aliweka makombe mlangoni akangoja. Asubuhi mpaka adhuhuri. Adhuhuri mpaka magharibi. Kesho yake Chewa aliamka, akapiga mwayo, akajikuna tumbo kwenye jiwe, akaonja.

"Baridi," akasema. "Baridi tamu. Waambie wajiandae."

Wewe unayenisikiliza, ukiacha chai mlangoni kutwa kucha, ukaja kuionja kesho, utasema ilipikwa baridi?

Haya.

Mwaka huo jua lilikuwa kali kuliko miaka yote. Bi Tasi alikuwa juu ya mwamba akichuma mwani, na maji yalimchoma mpaka kwenye mapezi. Akamwona Pweza anachota.

"Shikamoo, Bwana Pweza. Maji yakoje leo?"

"Moto, Bi Tasi! Moto kama mchuzi!" Pweza akageuka mwekundu kwa joto. "Kwa kweli hata mikono yangu imesinyaa."

"Utamwambia mkubwa hivyo hivyo?"

"Nitamwambia ukweli mtupu."

Bi Tasi hakuridhika. Akamfuata polepole. Akamwona anaweka makombe mlangoni. Akangoja naye kwa mbali, nyuma ya jiwe, usiku ukapita, kukapambazuka. Chewa akaamka. Akaonja.

"Baridi. Au unaonaje, Mwonja Maji?"

Pweza alikuwa ameshageuka rangi. Kahawia yenye madoadoa, sawasawa na ngozi ya Chewa. "Baridi, Bwana Mkubwa. Mimi mwenyewe nimetetemeka njia nzima."

"Bamvua ni lini?"

"Siku nne zijazo, Bwana Mkubwa."

"Siku nne zijazo tunamwaga. Sasa nenda, ninalala."

Nyuma ya jiwe, Bi Tasi akapiga hesabu. Alielewa sasa. Laki tatu za mwaka wa kwanza. Laki tatu na ushee za mwaka wa pili. Wote waliuawa na desturi ya kutomwamsha mzee.

Akatoka nyuma ya jiwe. Akasimamisha miiba yote ya mgongo, maana kuzungumza na Chewa ni kusimama mlangoni mwa tumbo lake. Akapiga hodi.

"Hodi, Bwana Mkubwa."

"Nani anayenukia vizuri hivyo?"

"Ni mimi, Tasi. Nina miiba, na miiba yangu ina sumu."

"Ah." Sauti ikapoa. "Sema haraka."

"Bwana Mkubwa, maji ya juu ni moto. Haya uliyoonja yamelala hapa kwako tangu jana. Yamechukua baridi ya pango lako. Watoto wakitoka watakosa uji. Watakufa kama wa mwaka jana. Kama wa mwaka juzi."

Chewa akacheka, na mapovu yakatoka. Bulu bulu bulu. "Bi Tasi, mimi nimo ndani ya maji haya haya. Nahisi baridi mpaka kwenye figo. Wa mwaka jana walikufa kwa sababu ya malezi. Watoto wa siku hizi ni wavivu."

"Walikuwa na umri wa siku nne, Bwana Mkubwa."

"Uvivu huanza mapema."

"Basi toka nje kidogo uyahisi mwenyewe. Hatua chache tu."

"Mimi nitoke? Mkubwa akitoka, nani atabaki ndani?"

Bi Tasi akageuka, maana swali la mjinga halina mahali pa kulishika. Akaondoka.

Akaenda kwa shoga yake, Bi Pono. Pono mnamjua. Meno nje wakati wote, hata akiwa msibani. Kazi yake ni kuguguna mwamba: kru, kru, kru. Anameza mawe, anasaga, anakula kilichomo, na mabaki yanatoka nyuma yakiwa mchanga. Ndiyo. Ule mchanga mweupe mnaoulalia ufukweni, mkajipaka miguuni, mkaandika majina ya wapenzi wenu, mwingi wake umetoka nyuma ya pono. Msinune. Mimi sikuumba dunia.

"Shoga, tumekwisha," Bi Tasi akasema, akamweleza yote.

Bi Pono alikuwa na tumbo la mayai pia, na yeye pia hakuwa na mtoto hata mmoja wa kumtuma dukani. Akasikiliza huku akiguguna. Kru, kru, kru.

"Kwa nini tusimwage siku nyingine sisi wenyewe? Wewe na mimi na Changu na hao wengine?"

"Bila ngurumo nani atakubali? Tukiwa wachache tutaliwa."

"Basi lazima mzee atoke."

"Nimemwambia atoke. Amegoma."

"Wewe umemwambia kwa mdomo." Bi Pono akafuta jino kwa pezi. "Mimi nitamwambia kwa upande mwingine."

Kesho yake Bi Pono alikula tangu alfajiri. Kru kru kru. Kru kru kru. Aliita dada zake saba, nao wakala. Kru kru kru! Mwamba ukalia kama watu wanatafuna bisi. Jua lilipofika utosini, matumbo yao yalikuwa yamejaa mpaka hawawezi kupinda. Wakateremka wote wanane mpaka mlangoni kwa Chewa. Chewa anakoroma: khrrr, khrrr. Wakageuka. Wakaelekeza mikia mlangoni.

"Moja," akasema Bi Pono. "Mbili."

Chwaaaaaa!

Jamani. Mchanga uliingia pangoni kama pazia limekatika. Chwaaaa! Ukajaa sakafuni. Chwaaaa! Ukajaa kitandani. Chewa alikuwa anakoroma na kinywa wazi. Sitaki kusema zaidi, kuna watu hawajala.

"Khe! Khe! Khe! Nani huyo? Nani anazika watu hai?"

"Ni mwamba umebomoka, Bwana Mkubwa!" Bi Tasi akapiga kelele nje. "Toka! Njoo huku juu, huku kuna maji safi! Juu zaidi! Juu zaidi!"

Chewa akatoka mbio, mara ya kwanza baada ya miaka sita. Macho yamejaa mchanga, haoni. Akafuata sauti. Akapanda, akapanda, mpaka maji ya juu kabisa, pale jua linapopiga. Hapo mchanga ukamtoka machoni. Akafungua kinywa avute maji.

"Hee! Nani ameibandika bahari jikoni?"

Samaki wote walikuwa wamekusanyika. Wakamtazama. Chewa akaenda kulia, moto. Akaenda kushoto, moto. Mashavu yakamtweta kama mfuko wa mhunzi. Akamwona Pweza amejificha kwenye tumbawe la zambarau, naye amegeuka zambarau.

"Mwonja Maji! Maji haya yana nini?"

Pweza akamtazama Chewa. Akawatazama samaki wote. Hakujua ageuke rangi ya nani. Akawa kahawia, akawa kijani, akawa mistari, mwisho akawa mweupe pee. "Yana... yana joto la baridi, Bwana Mkubwa."

Samaki wakaangua kicheko. Hata kaa walicheka, na kaa hukasirika tangu kuzaliwa.

Chewa akakohoa. Akajiweka sawa. "Wananchi," akasema, "kama nilivyosema tangu mwanzo, maji ni moto. Nimekuja kuwathibitishia. Bamvua hili hatumwagi." Akarudi pangoni kwake kwa heshima, na kila alipopiga mkia, mchanga ulimdondoka masikioni.

Bi Tasi akapumua. Mnaona hadithi imekwisha? Haijakwisha. Kumzuia mtu asifanye upumbavu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kungoja.

Bamvua likaja. Likajaa pomoni. Likatoka. Hakuna ngurumo. Hakuna aliyemwaga. Na kungoja na mayai tumboni si kazi ya mchezo. Matumbo yalivimba. Samaki waliokuwa wepesi wakaogelea kama vyungu. Waligongana njiani: pu! "Samahani." Pu! "Angalia unakokwenda." Pu! "Ni wewe uliye mnene."

Changu, aliyekuwa na maneno mengi na subira kidogo, akaanza. "Bi Tasi, baridi yako iko wapi? Tumeambiwa tusimwage kwenye moto, tumenyamaza. Sasa tutamwaga wapi, jangwani?"

"Ngoja, Bwana Changu. Upepo haujaanza."

"Mke wangu anapasuka! Mwanzo tulikuwa tunapoteza watoto kwa amri. Sasa tunawapoteza kwa ushauri."

Maneno hayo yalimchoma Bi Tasi kuliko maji. Maana alijua jambo moja na hakulisema. Mayai nayo yana siku zake. Ukiyabana sana yanageuka viza tumboni. Angeweza kungoja bamvua moja tu lijalo, siku kumi na nne. Halafu basi. Baridi isipokuja katika siku hizo, yeye ndiye atakuwa amewaua watoto, tena wa kila mtu, si wake peke yake.

Basi kila siku alikwenda mpaka ukingoni mwa mwamba, pale ambapo bahari inaanguka kwenda kilindini na chini ni weusi mtupu. Akateremsha mkia kwenye ule weusi, akaimba:

Baridi njoo, baridi panda,
Wanangu wana njaa.
Ukichelewa nitapasuka,
Ukija nitazaa.

Akangoja. Kimya. Mkia ukahisi joto. Akarudi nyumbani.

Siku ya pili akaenda. Akaimba. Joto.

Siku ya tatu akaenda. Akaimba. Joto.

Siku ya tano Changu akachoka. Akamchukua mkewe na jamaa wachache, wakapanda juu adhuhuri bila bamvua, bila ngurumo, wakamwaga. Mayai yakaelea palepale, hayana mkondo wa kuyabeba. Wenye meno wakafika. Kap, kap, kap. Kabla jua halijapinda, kazi ilikuwa imekwisha. Mke wa Changu akateremka mtupu, hakusema na mtu. Changu naye akanyamaza, na hapo Fungu Refu likajua kwamba mambo ni mazito.

Siku ya kumi Bi Tasi alikwenda ukingoni anayumba. Tumbo lilimvuta upande mmoja. Kwa kweli alitaka kumwaga palepale, yaishe. Akajiambia, "Nihesabu pumzi kumi kwanza." Akahesabu. Akajiambia, "Kumi nyingine." Akahesabu. Akateremsha mkia, akaimba, na sauti yake ilikuwa imekauka kama kamba:

Baridi njoo, baridi panda,
Wanangu wana njaa...

Joto.

Lakini siku ya kumi na moja juu ya bahari kulianza kuvuma. Vuuu. Wimbi likapiga mwamba: pwaa! Vuuuu! Pwaa! Siku ya kumi na mbili ikavuma zaidi. Yale maji ya moto yaliyotulia kama mafuta juu ya mchuzi yakaanza kusukumwa, yakachanika, yakasogea. Siku ya kumi na tatu Bi Tasi akateremsha mkia ukingoni.

Sss!

Akaurudisha haraka. Akauteremsha tena. Sss! Kitu kama barafu kimemlamba. Hakuimba. Alirudi nyuma hatua moja, na ile baridi ikamfuata. Akarudi hatua mbili. Ikamfuata. Ikapanda mwamba kama mgeni anayepanda ngazi, ngazi kwa ngazi, na nyuma yake maji yakaanza kuwa na ukungu.

"Imekuja!" akapiga kelele. "Shoga! Imekuja! Tokeni wote mwonje! Msiniamini mimi, onjeni wenyewe!"

Wakatoka. Wakaonja kwa ngozi zao. Mke wa Changu akaonja, akafumba macho. Bi Pono akaonja, meno yakagongana: ta ta ta ta.

Siku ya kumi na nne bamvua likafika. Bahari ikajaa asubuhi, ikajaa, ikajaa mpaka pomoni. Maji ni baridi, ni kijani, ni uji mtupu. Samaki wote juu ya mwamba, matumbo mbele, wamesimama wakingoja ngurumo.

Kimya.

Wakatazamana. Bi Tasi akateremka mbio mpaka pangoni.

"Hodi, Bwana Mkubwa! Bamvua limefika! Nguruma!"

"Singurumi."

"Kwa nini?"

"Nimefedheheka. Nilichekwa mbele ya kaa. Zaidi ya hayo, humu ndani sasa ni baridi sana, na mara ya mwisho baridi ilinidanganya. Kwa hiyo leo ni moto."

"Bwana Mkubwa! Maji yakianza kutoka yatatoka kwa kasi, hatutayawahi! Mayai yangu hayawezi kungoja tena! Toka uhisi!"

"Mimi sitoki. Nilitoka mara moja, nikaona yaliyonipata."

Bi Tasi alihisi mkondo unasita. Ule muda mdogo bahari inapokuwa imejaa na haijageuka, kama mtu aliyevuta pumzi. Akitoa pumzi, imekwisha. Bi Tasi akasogea. Akaingiza kichwa pangoni. Kisha mwili. Akasimama mbele ya ule mdomo mkubwa, karibu kabisa, na miiba yake akailaza chini, yote.

"Nile basi," akasema. "Ukinila utaonja. Mwili wangu umetoka huko juu sasa hivi, una baridi ya huko. Kama mimi ni moto, niteme nje na sisi tutakwenda nyumbani. Kama mimi ni baridi, nguruma. Lakini onja sasa, Mzee, si kesho. Ukiniacha mlangoni mpaka kesho, kila kitu kwako ni baridi."

Chewa akaitazama ile miiba iliyolala. Hakuna aliyewahi kulaza miiba mbele yake. Akatoa ulimi, akamgusa Bi Tasi ubavuni, kidogo tu.

Akashtuka. Ilikuwa baridi nyingine. Baridi ya pango ni baridi ya kitu kilicholala. Hii ilikuwa baridi inayotembea. Ilikuwa na ladha ya kijani.

"Kumbe," akasema Chewa taratibu. "Kumbe ndivyo ilivyo."

Nje Bi Pono aliona kimya kimezidi. Yeye hakujua yanayosemwa ndani. Akageuka, akaelekeza mkia mlangoni, akapaza sauti: "Mzee! Fungua wako wa mbele, au nifungue wangu wa nyuma?"

Nguuuuu! Nguuuuu! Nguuuuu!

Sijui kama ni utu uzima ulimwingia au ni hofu ya mchanga. Nyinyi chagueni. Mimi nasema alinguruma, na mwamba ukatikisika, na bahari ikageuka wakati huo huo. Samaki wote wakamwaga. Pruuu! Pruuuu! Maji yakawa meupe kama tui. Wenye meno wakaja, wakala, wakala, wakavimbiwa, wakalala ubavu. Bi Tasi alipanda juu akakuta watu wamemaliza nusu. Akajibana mara moja, pruuuuuu, laki tatu zote, mpaka akawa mwepesi hata mkondo ukampindua kichwa chini. Akawatazama wakienda. Wadogo kama vumbi. Wakapotea kwenye kijani.

Siku zikapita. Ishirini. Ishirini na tano. Bi Tasi kila asubuhi alikwenda kwenye majani ya bahari, pale kina kifupi, akajifanya anakula.

Siku ya thelathini, bamvua likajaa, na ndani ya majani kukawa na kitu kama vipande vya kioo. Vinatikisika. Vina macho. Kimoja. Vitatu. Kumi. Kisha majani yote yakajaa. Tasi wadogo, pono wadogo, changu wadogo, wembamba mpaka unaona chakula kikipita tumboni.

Walikuwa wangapi kati ya laki na laki zilizoondoka? Wachache. Bahari haitoi chote ulichoipa. Lakini mwaka jana walikuwa sifuri, na ukiwa na sifuri, mmoja ni umati.

Bi Tasi hakujua yupi ni wake. Samaki hawana kadi za kliniki. Akasimama tu, na kwenye kinywa chake jani la mwani alilokuwa ameng'ata na kusahau kulimeza. Tasi mmoja mdogo akaja moja kwa moja mpaka mdomoni kwake. Hana shikamoo. Hana hodi. Akashika ncha ya lile jani, akavuta. Bi Tasi akalibana. Mdogo akavuta kwa nguvu zake zote, mkia unatikisika tiki tiki tiki, akalikata, akaondoka nalo bila kugeuka nyuma.

Bi Tasi akafungua kinywa, akamwachia na lililobaki.

Mmesikia basi. Aliyelala penye kivuli asiwatangazie wengine kwamba jua limepoa. Na ukitaka kujua kama watoto watapona, usiulize kitandani kwa mkubwa. Nenda wewe mwenyewe ukayaonje maji wanayokwenda kuogelea.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda aende nayo nyumbani, na aliyeona chumvi imezidi akumbuke tulikuwa baharini.